Ile Barua Niliyokusainisha

Mwanangu Tumaini,

Barua za kwetu huanza kwa mwandishi kusema yeye hajambo, wasiwasi ni kwako uliye mbali. Mimi sijambo kweli, na wewe hujafika mbali bado. Uko Vickery Meadow unawaaga wenzako wa kwaya, na umesema utarudi kula. Kuhusu wasiwasi, wa mwaka huu nimeumaliza wote. Sina uliobaki wa kukuandikia.

Nimeomba ruhusa kazini leo. Niliwaambia mwanangu anahamia Houston kesho kuanza chuo, wakanipa siku nzima bila maswali, maana wiki iliyopita nililia kwenye chumba cha dawa na wote waliniona. Baba yako yuko Oklahoma na lori lake, atakufuata Stafford, karibu na Houston, kwa shangazi yako Rehema mwisho wa wiki. Sanduku lako liko hapa sebuleni, nimeliwekea miguu juu. Nyumba iko kimya na mimi ninayo mchana wote.

Mambo ya kula, kufua, kuamka mapema na ku-drive taratibu sitayaandika. Shangazi yako atakuimbia hayo kila siku mpaka uombe kuhama. Pilipili nimekutilia kwenye soksi za bluu, basi, hayo yameisha.

Nataka nikuandikie habari za ile barua. Unajua ipi.

Miezi mitano tumeizunguka ndani ya nyumba hii. Tunaongea habari za chakula, za mvua, za nani kafunga ndoa Fort Worth. Wewe unanijibu kwa Kiingereza, neno moja au mawili, halafu mlango wa chumba chako unafungwa polepole, kwa adabu. Ungekuwa unaubamiza ningejua la kufanya.

Utanivumilia nikieleza vitu ambavyo unavijua. Naviandika ili siku moja na mwanao asome bila kuuliza. Tena kuna vingine hukuviona, maana ulikuwa umelala kifudifudi.

Kanisa letu la Kiswahili lilikuwa linapanga ukumbi kwa kanisa la Wazungu, pale Mesquite. Wao wanaabudu asubuhi, sisi tunaingia saa nane mchana wakishaondoka, na tukimaliza tunafagia vizuri kuliko tulivyokuta, wasije wakasema. Funguo zilikuwa kwa Mzee Walter, mstaafu, mtu wao wa siku nyingi. Jumamosi ile alikupa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, ukachukue kinanda na spika mapema kwa sababu kwaya ilikuwa inaenda kuimba harusini. Ukaingia, ukatoka na spika umeikumbatia kifuani. Mama wa nyumba ya ng'ambo ya barabara akaona kijana mweusi anatoa vyombo kanisani. Askari akafika. Ukamwambia una ufunguo, ukapeleka mkono mfukoni uutoe. Kilichofuata ni wewe chini kwenye lami, goti la mtu mgongoni, na spika imepasuka pembeni yako. Wakakuandikia makosa mawili: kuingia jengo kwa nia ya kuiba, na kukataa kukamatwa.

Mzee Walter alifika na gari lake ukiwa bado chini. Alishuka, akasema kwa sauti ndogo kwamba anakujua. Askari akamwambia asogee nyuma. Akasogea.

Nitairudia hiyo, kwa hiyo iweke akilini.

Ulipotoka rumande siku ya tatu, una jeraha kwenye kidevu na huongei, mimi nilifanya nilichofundishwa. Nikiwa na miaka kumi hivi, Musoma, kioo cha ofisi ya mwalimu mkuu kilivunjwa na mtoto wa jirani, nikasingiziwa mimi. Babu yako hakuniuliza hata kama ni kweli. Alinishika mkono, akabeba jogoo, tukaenda kwa mwalimu mkuu kuomba radhi. Mwalimu akacheka, akatukaribisha chai, akasema anamjua fika aliyevunja. Tukarudi nyumbani na jogoo wetu. Kwetu ukiomba radhi ndipo watu wanakaa chini kuzungumza. Nani kakosa hujulikana baadaye, tena kwa upole. Nilikuja na akili hiyo Texas, nikaivaa pamoja na sare ya kazi, na sikuwahi kuifikiria mara mbili.

Basi nikaandika barua kwa kamati ya lile kanisa. Tulikuwa wageni kwenye nyumba yao, na polisi wamefika uwanjani kwao kwa ajili yetu. Nikaandika kwamba sisi pamoja na mwanetu tunaomba radhi kwa usumbufu aliousababisha siku ile. Nikaona haitoshi. Nikaongeza kwamba hatarudia.

Nikakuletea kalamu. Ulikuwa umekaa kwenye kochi hili hili. Ulisoma, ukainua uso.

"Mama, mimi sikufanya kitu."

"Najua hukufanya. Saini."

Nikasema hivyo. Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka kwa namna nyingine, labda nilikubembeleza, labda nilikueleza. Hapana. Nilikuambia najua hukufanya, halafu nikakuwekea kidole pale pa kusaini. Nikaipeleka na sinia la sambusa, moto moto, zimefunikwa kitambaa.

Kamati ilikula sambusa na barua ikaenda polisi. Sijui nani aliipeleka, na waliniambia waliombwa tu waonyeshe kila karatasi inayohusu tukio. Mwezi wa pili wa kesi, wakili uliyepewa na mahakama, yule dada mchovu mwenye begi la magurudumu, akaitoa kwenye faili na kuiweka mbele yangu. Alikuwa amelipigia mstari neno moja tu, lile la hatarudia. Akaniuliza ni nani aliyeiandika. Nikasema mimi. Akavua miwani, akajifuta macho muda mrefu, akasema mwendesha mashtaka anaiona ni kukiri kosa, na kwamba ushauri wake sasa ni ukubali dogo ili wafute kubwa. Ungepewa muda wa kuangaliwa, usingefungwa.

Nikauliza, na kadi yake ya ukaazi? Akasema hapo ndipo penyewe. Ukikiri, watu wa uhamiaji wanaweza kukurudisha nchi uliyoondoka ukiwa na miaka minane. Na chuo cha Houston kingeisoma rekodi yako kabla hakijasoma alama zako. Nilitoka mle ofisini. Nilikuwa nimemfunga mwanangu kwa mwandiko wangu mzuri.

Sasa nikurudishe kwa Mzee Walter.

Katika siku zote hizo hakuna mtu aliyetufariji kama yeye. Kila Jumapili akija kutufungulia alinishika mikono yote miwili. Machozi yalimtoka, mwanangu, ya kweli kabisa. Alisema aliona, alisema wewe ni kijana mzuri, alisema nchi hii ina ugonjwa na yeye anaona aibu. Aliniletea pai ya matufaha iliyopikwa na dada yake. Na mimi nikampelekea maandazi. Nikamwambia shangazi yako kwa simu kwamba Mzungu yule ana roho ya peke yake, ni mwenzetu kabisa. Tulikuwa tunabadilishana vyakula, Tumaini, na wewe una kesi.

Hakuna popote alipokuwa ameandika kwamba alikupa ufunguo, na polisi hawakumuuliza. Mimi nami sikumuuliza, kwa sababu ni mtu mzima wa miaka sabini na kitu, na mkubwa hashurutishwi. Akionyesha huruma, unashukuru na kungoja. Nikashukuru. Nikangoja. Nilimshukuru mtu kwa kuniambia mlangoni jambo alilopaswa kuliambia mahakama.

Siku wakili aliponionyesha ile barua, sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwake. Hukuwahi kujua hili. Alifungua mlango akiwa na soksi tu miguuni, akafurahi kuniona, akavuta kiti. Nikabaki nimesimama. Akauliza kama nitakunywa chai, nikakataa. Unajua mimi sijawahi kukataa chai ya mtu tangu nizaliwe. Nilihisi navua nguo mbele za watu. Lakini ningekaa, ningekunywa, na ningekunywa ningeanza kumshukuru.

Nikamwambia hivi: "Mzee, pole zako nimezipokea mpaka sina pa kuziweka. Mahakamani hawaandiki pole. Wewe ulimpa mwanangu ufunguo. Wewe ulimwona chini. Sauti yako kule inasikika kuliko yangu. Mimi sikulipanga hivyo, na wewe hukulipanga, lakini ndivyo ilivyo. Kaitumie."

Akakaa yeye kwenye kile kiti. Akaanza kueleza habari za kamati yake, kwamba wamewaambia watu wasijiingize, kwamba ameabudu pale miaka arobaini na marafiki zake wote wako pale, kwamba mama wa ng'ambo ni mtu wao na ni mgonjwa wa moyo. Nikamwacha aseme. Alipomaliza nikamwambia mwanangu ana miaka ishirini na yeye pia ana moyo.

Ndipo akasema kitu ambacho sikukitegemea. Alikitazama kitambaa cha meza wakati anakisema.

"Yule mama alinipigia mimi kwanza. Aliniuliza kama namjua kijana aliyeko mlangoni. Nilikuwa nakula, sikufikiri. Nilimwambia, kama huna uhakika, ita polisi."

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Yaani mtu kampa mtoto ufunguo saa nne, saa sita kamsahau. Machozi yote yale, na pai, na mikono miwili, yalikuwa ya mtu anayelia juu ya kazi yake mwenyewe. Nilifungua mdomo nimtukane kwa Kijita, maana Kiswahili kisingetosha.

Sikumtukana. Na sababu yake ni kosa langu jingine, ambalo sijamwambia mtu, hata baba yako.

Mwaka wetu wa pili hapa, wewe ukiwa darasa la nne, nilifanya kazi kwenye nyumba moja ya kulelea wazee pamoja na dada anaitwa Denise. Mmarekani mweusi, wa hapa hapa Dallas, mcheshi, ndiye aliyenifundisha kugeuza mgonjwa bila kuumiza mgongo wangu. Siku moja dawa za maumivu zilipungua kwenye kabati, wakasema ni Denise aliyeziiba. Saa waliyoitaja, Denise alikuwa nami kwenye gari lake tunakula mahindi ya kukaanga na kucheka. Mimi nilijua. Walikuja watu wawili wakamchukua, akapita mbele yangu, akaniangalia, akangoja. Nikainama nikajifanya natafuta glavu.

Nilijiambia karatasi zetu bado hazijatoka. Nilijiambia ule ni ugomvi wao na Wazungu, wa tangu zamani, sisi Waafrika tumekuja juzi kufanya kazi, hatumo. Wengi wetu tunasema hivyo mezani, umetusikia, kwamba sisi si kama wale. Askari aliyekupigia goti mgongoni hakuuliza kama wewe ni wa Musoma au wa Dallas. Sijui kesi ya Denise iliishaje. Sikuuliza. Mimi pia niliambiwa nisogee nyuma, tena sikuambiwa na mtu yeyote, nilijiambia mwenyewe.

Kwa hiyo nilimjua Mzee Walter vizuri sana nilipomtazama pale kwenye kiti. Lakini kumjua hakukunifanya nimwonee huruma. Denise alistahili mdomo wangu, hakustahili huruma yangu, na wewe ulistahili mdomo wake.

Nikamwambia, "Na hilo la simu utalisema."

Akauliza, "Lote?"

"Lote. Ukitaka kusema nusu, baki nyumbani."

Nikaondoka. Sikumuaga. 

Siku ya mahakama uliona mengine mwenyewe. Alikuja amevaa suti yake ya kwendea mazishi, karatasi yake ya kiapo iko mikononi mwa wakili. Mwendesha mashtaka akatoka kwenye korido kumhoji, kijana mwenye haraka, na nilisimama karibu nikasikia kila neno. Mzee alisema ufunguo aliutoa yeye. Alisema simu ilianzia kwake, na alichojibu. Alisema alikuona chini na ufunguo ukiwa umefumbatwa mkononi, hukumsukuma mtu, hukurusha teke, na kwamba yeye aliambiwa asogee akasogea. Yule kijana akamuuliza kwa ukali kwa nini hakuyasema hayo miezi yote hiyo.

Akajibu, "Kwa sababu mimi niliweza kurudi nyumbani nikamalizia chakula changu."

Baada ya saa moja wakafuta mashtaka yote mawili. Wakili akakushika bega. 

Halafu likaja lile. Mzee Walter akakusogelea, akanyoosha mkono. Wewe ukautazama. Mimi, mama yako mwenye akili zangu, nikakufinya ubavuni, nikakunong'oneza umshukuru mzee. Na wewe, ambaye nikikuuliza hata saa unanijibu Kiingereza, ukanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa sauti ambayo korido nzima ilisikia:

"Nimshukuru kwa lipi, mama?"

Ukanikata jicho, ukaenda kungoja lifti.

Na mimi nikafanya nini? Nikamgeukia Mzungu nikamwomba radhi kwa niaba yako. Tena. Wino wa ile barua haujakauka na mimi naandika nyingine kwa mdomo. Nilimwambia kijana amechoka, hakulelewa hivyo. Mzee akatikisa kichwa. Alisema wewe umesema kweli na mimi nisiombe kitu. Sikumsikia, nilikuwa na hasira na wewe. Barabara nzima ya kurudi Mesquite nilikusema, kwamba umenitia aibu, kwamba mtu kaja kukuokoa na wewe unamtolea macho. Uliangalia dirishani. Ulipoteremka ulifunga mlango wa gari polepole, kwa adabu, na tangu siku hiyo ndivyo unavyofunga milango yote.

Hukuwa na adabu mbaya. Uliuliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kwenye jengo lile, na mimi ndiye niliyetakiwa kulijibu. Nakujibu leo. Si kwa lolote. Hukuwa na cha kumshukuru. Kurudisha alichokunyang'anya kwa simu moja, miezi mitatu imechelewa, haikuwa zawadi. Kama ungemshika mkono kwa kupenda kwako, sawa, ungekuwa ukarimu wako. Kukufinya ubavu haikuwa haki yangu.

Kuna kilichofuata ambacho unakijua kwa mafungu tu, maana nilikuwa nakuficha, nikiona umeumia vya kutosha. Wiki mbili baadaye Mzee Walter alisimama kwenye ibada yao ya asubuhi akaeleza yote, mama wa ng'ambo akiwa amekaa mstari wa tatu. Hakuna mtu wetu aliyekuwepo. Hakutuita tumtazame, na hilo ndilo jambo la kwanza alilofanya ambalo nimeliheshimu. Kamati ikamvua funguo. Mwezi huo huo sisi tukaambiwa ukumbi unahitajika kwa shughuli nyingine.

Watu wetu wakanigeukia. Mama Tumaini katuponza. Tulikuwa tumetulia, kesi ilikuwa imeshafutwa, ya nini kumchochea mzee wa watu? Mchungaji alikuja hapa nyumbani, akakaa, akanywa chai, akaniomba kwa upole niende kwenye kamati nikaombe radhi ili turudishiwe ukumbi. Alisema mimi najua kuandika vizuri.

Nikamwambia hapana. Akadhani sijaelewa, akaeleza upya. Nikamwambia mchungaji, nimeelewa mara ya kwanza, na jibu ni lile lile, na kama kuna mtu atakayeandika hiyo barua basi asiweke jina la mwanangu hata kwa penseli.  Ndiyo maana sasa tunasali kwenye kile chumba cha jumuiya Vickery Meadow na ndugu zetu Wakongo, viti vya plastiki, treni inapita katikati ya mahubiri. Na kwaya imeongezeka. Watu wameacha kulaumu, wengine.

Mzee Walter sasa kila Alhamisi anakwenda mahakamani kukaa kwenye mabenchi ya watu wote. Hana kesi. Amewavuta wenzake wawili kutoka kanisa lile lile, wazee wenzake, wanakaa na madaftari wanaandika nani kaletwa, kwa kosa gani, na nani kasema nini. Mwanzoni alinipigia simu kunisimulia. Yule mtoto wa Kimeksiko wamemfanyia hivi, yule mama mweusi wamemfanyia vile. Nikamsikiliza mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia mzee, mimi haya nayajua, nimeyalalia. Usiniletee mimi. Wapelekee waliokuvua funguo. Mpelekee mama wa ng'ambo, mpelekee dada yako anayepika pai, mpelekee yule unayempigia kura awe mwendesha mashtaka, kamuulize mbele za watu. Kazi yako iko kwenu, haiko kwangu. Akasema ni kazi ngumu zaidi. Nikamwambia najua ni ngumu, ndiyo maana mmetuachia sisi muda mrefu hivi.

Hajanipigia tena. Nasikia anaendelea, na mama wa ng'ambo hamsalimii.

Houston utawapata wengi wa namna yake, vijana, wazuri, wa kucheka nao. Wapende, sitaki uishi umekunja ndita. Watakapoisikia habari yako watalia na watakuuliza wafanye nini. Mimi nilipoteza karibu miezi miwili kwa kuwafuta watu machozi, nikidhani hayo ndiyo mahusiano mema. Muulize huyo rafiki kama anayo sauti nyumbani kwao, mezani, baba yake anaposema yule lazima alifanya kitu. Muulize siku askari akimwambia sogea nyuma atasimama wapi. Asipokuwa na jibu bado, mtacheza mpira tu. Akisimama, usimvishe taji. Mpe maji kama unavyompa mtu mwingine yeyote aliyefanya kazi juani.

Na mtu akikupitia mbele ya macho amefungwa pingu, na wewe unajua saa ile alikuwa wapi, usiiname kutafuta glavu. Hili nakuomba kwa magoti, kwa sababu mimi niliinama.

Wiki iliyopita, siku ile niliyolia kwenye chumba cha dawa, nilikuwa nimetoka kuandika barua kwenye karatasi ya ofisi. Niliiandikia kamati ya lile kanisa, na nakala kwa yule wakili. Mistari minne. Kwamba ile ya kwanza niliitunga mimi, mwanangu akasaini kwa kunitii. Kwamba hakuna kosa alilolifanya, kwa hiyo hakuna la kusamehewa, wala hakuna la kurudia. Kwamba naiondoa. Wakili alinipigia akasema kisheria haibadilishi kitu, kesi ilishakufa, na kufutisha rekodi ya kukamatwa ni ombi lingine tutakalolipeleka. Nikamwambia aiweke tu kwenye faili, juu ya ile nyingine. Akasema ameiweka.

Sikupeleka sambusa.

Sasa imebaki radhi moja ambayo kweli inastahili kuombwa, na anayestahili kuombwa sijamwomba hata mara moja. Tumaini, nakuomba radhi wewe. Ulisema hukufanya kitu nami nilijua, na bado nilikutia kalamu mkononi kwa sababu niliogopa kuonekana mgeni asiye na adabu. Nilikuuza kwa heshima yangu. Sikudai upole, wala hulazimiki kunijibu leo au kesho barabarani. Ukitaka kuubamiza mlango wa chumba chako kabla hujaondoka, ubamize, nitausikia na nitafurahi.

Nasikia gari. Nakunja hii niitie kwenye soksi za bluu pamoja na pilipili. Utaisoma polepole, najua Kiswahili chako cha karatasi, na ukikwama usimpe shangazi yako akusomee. Sogeza kidole mpaka mwisho. Huko chini utaona jina moja. Siku hizi kila mtu ananiita kwa jina lako, Mama Tumaini huku na Mama Tumaini kule, na hata ile ya kwanza niliiandika hivyo halafu nikakwambia uweke lako chini yake. Hii hutasaini. Nimesaini mimi, peke yangu, kwa jina langu.

Nyangeta Marwa